Chura wa Kucha na Kifuniko cha Tanki

Chura wa kucha huishi majini karibu maisha yake yote, ila si mkaaji wa maji mamoja. Katika bonde la Lukuledi, kwenye njia panda ya Nanganga ambako barabara itokayo Lindi hugawanyika, moja ikienda Masasi na nyingine Ruangwa na Nachingwea, msimu wa mvua ni mmoja tu. Huanza Novemba au Desemba na kukatika Aprili au Mei. Madimbwi huzaliwa na kufa humo humo. Shimo lililoachwa kando ya barabara baada ya kuchimbwa kifusi hujaa, hunywesha mbuzi kwa miezi michache, kisha hubaki tope lililopasukapasuka kama vigae. Chura ambaye wataalamu humwita Xenopus muelleri ameenea nyanda zote za chini za mashariki ya Afrika, kuanzia Kenya hadi kaskazini-mashariki ya Afrika Kusini, na maji ya namna hiyo ndiyo yaliyomlea. Dimbwi likikauka hujifukia kwenye tope akasubiri. Mvua ikinyesha usiku, hutoka akavuka nchi kavu kutafuta dimbwi jingine. Tabia hiyo ya pili ndiyo iliyowapa shida watu wote waliowahi kumweka ndani ya kioo.

Umbo lake linamsaidia. Mwili ni bapa, kichwa kidogo, macho yametazama juu kama ya mtu aliyelala chali. Ngozi inateleza kiasi kwamba anayemkamata kwa mkono mmoja hubaki na ute mkononi na chura sakafuni. Hana ulimi, chakula hukisukumia mdomoni kwa vidole vya mbele. Ubavuni ana vistari vidogo vilivyopangana kama mshono wa cherehani, na kwa vistari hivyo huhisi mtikisiko wa maji hata gizani. Miguu ya nyuma ni minene kupita kiasi, ina utando mpana, na vidole vitatu vya ndani vimeishia kwenye kucha nyeusi. Muelleri hutambulika pia kwa kinyuzi cha ngozi kinachochomoza chini ya jicho, kirefu kuliko cha ndugu zake. Mnyama wa namna hii akizunguka tanki usiku kucha akipapasa pembe zake, hatafuti njia kwa akili nyingi. Anapapasa tu, na penye upenyo unaopitisha kichwa, kiwiliwili hufuata.

Nanganga na vijiji vya jirani havina desturi ya kufuga chura. Chura anayeingia ndani akifuata wadudu wa taa hufagiliwa nje, na viluwiluwi ni mchezo wa watoto kwenye kopo kwa siku moja. Kumfungia chura ni desturi iliyotoka kwingine, nayo ilianza kwa chombo ambacho hakuna chura aliyewahi kukitoroka: mtungi wa kioo wenye pombe kali. François Marie Daudin alimwelezea chura wa kucha wa Afrika Kusini, Xenopus laevis, mwaka 1802. Jina Xenopus, lenye maana ya mguu wa ajabu, lilitolewa na Johann Wagler mwaka 1827. Muelleri alielezwa na Wilhelm Peters mwaka 1844, mtaalamu wa Berlin aliyesafiri Msumbiji miaka hiyo, na jina akampa mwalimu wake Johannes Müller. Kusini mwa Tanganyika alifika Arthur Loveridge, aliyekuwa ofisa wa wanyamapori wa serikali kabla ya kuhamia jumba la makumbusho la Chuo Kikuu cha Harvard. Mwaka 1939 alikusanya vyura na mijusi Mbanja karibu na Lindi, Mikindani, na Nchingidi juu ya uwanda wa Rondo, ambao kwa aliyeko Nanganga uko upande wa kaskazini-mashariki. Mitungi ya watu kama hao ingali rafuni, na itarudi tena katika habari hii, maana miongo kadhaa baadaye ilitoa ushahidi ambao hakuna tanki la chura hai lingeweza kuutoa.

Tanki lenyewe liliingia kwa njia ya hospitali. Mwaka 1927 mwanabiolojia Mwingereza Lancelot Hogben alifika kufundisha Chuo Kikuu cha Cape Town. Huko alikuta laevis amejaa kwenye mabwawa, akaanza kumtumia katika uchunguzi wa homoni. Alipomdunga chura jike kiowevu kilichotolewa kwenye tezi ya pituitari ya ng'ombe, chura alitaga mayai. Hogben aliondoka Afrika Kusini mwaka 1930, akichukizwa na siasa yake ya ubaguzi, akahamia London, na vyura nao wakawa na makazi mapya Uingereza. Waliobaki Cape Town waliliendeleza jambo hilo. Hillel Shapiro na Harry Zwarenstein walionyesha mwaka 1933 kwamba mkojo wa mwanamke mjamzito, ukidungwa chini ya ngozi ya chura jike, humfanya atage. Nani hasa alikuwa wa kwanza kuwaza hivyo ni ugomvi uliowasumbua wahusika kwa miaka mingi, na kila upande ulikuwa na hoja.

Uzuri wa kipimo hicho unaonekana kikilinganishwa na vilivyokitangulia. Kipimo cha Selmar Aschheim na Bernhard Zondek cha mwaka 1928 kilitaka panya wadungwe mkojo kwa siku kadhaa, kisha wachinjwe ili ovari zao zitazamwe. Kile cha sungura kilichofuata nacho kilimuua sungura. Chura alidungwa jioni, akawekwa peke yake kwenye chombo cha maji, na asubuhi jibu lilikuwa chini ya chombo: mayai meusi na meupe, kila moja lenye ukubwa wa milimita moja hivi, yanayoonekana bila darubini. Baada ya wiki kadhaa chura yule yule aliweza kutumika tena. Hapo ndipo ufugaji ulipokuwa jambo la lazima. Panya aliyechinjwa hahitaji makazi, bali chura atakayehitajika tena mwezi ujao ni lazima alishwe, abadilishiwe maji, na zaidi ya yote, awepo.

Kituo cha kuzalishia samaki cha Jonkershoek, karibu na Stellenbosch, kikawa mmoja wa wasambazaji wakubwa. Vyura walisafirishwa hai kwa meli, na baadaye kwa ndege, kwenda hospitali na maabara za Ulaya, Marekani na Australia. Edward Elkan, daktari aliyefanya kazi Watford nje ya London, aliandika mwaka 1938 juu ya matumizi yake, na kutoka hapo kipimo kilienea haraka. Kiliendelea hadi miaka ya 1960, kilipoondolewa na kipimo cha kinga ambacho Leif Wide na Carl Gemzell wa Sweden walikitangaza mwaka 1960, kisichohitaji mnyama yeyote hai.

Watunzaji wa vyura hao walijifunza mambo ya kifuniko kwa hasara. Chura wa kucha huvuta hewa kwa mapafu, kwa hiyo tanki haliwezi kujazwa hadi juu na kufunikwa kabisa. Hana budi kupanda juu kupumua. Maji yakiwa karibu na ukingo, teke moja la miguu ya nyuma humtoa nje. Maji yakishushwa sana, kina hakimtoshi kuogelea. Suluhisho lililozoeleka ni kuacha nafasi ya hewa ya sentimita kadhaa kati ya maji na kifuniko, na kifuniko chenyewe kiwe wavu mgumu au bamba lenye matundu, kibanwe kwa klipu au kiwekewe uzito. Kioo kilichoegeshwa tu hakifai: chura mkubwa wa laevis, jike la sentimita kumi na zaidi, hukigonga mara nyingi usiku mpaka kinasogea. Na kifuniko kikikaa sawa, hubaki mahali ambapo watu hawapaangalii. Waya wa taa hupita kwenye pembe iliyokatwa, bomba la chujio hupita kwenye nyingine, na kuzunguka bomba hilo hubaki uwazi wa vidole viwili. Mfugaji anayejua huziba hapo kwa sifongo au kipande cha wavu. Asiyejua humkuta chura nyuma ya kabati baada ya siku tatu, amekauka kama ngozi ya kiatu, manyoya ya vumbi yamemganda.

Maana nje ya maji hadumu. Ngozi ile inayoteleza hupoteza maji upesi, na sakafu ya saruji humnyonya zaidi. Usiku wa mvua huko kwao majani yamelowa na ardhi ni tope. Chumba cha hospitali cha London hakikuwa na hata kimoja kati ya hivyo. Anayepatikana mapema hurudishwa kwenye maji ya kina kifupi yasiyo na klorini, yaliyokaa wazi usiku mzima au kutiwa dawa ya kuiondoa, na mara nyingi hupona. Ute wa ngozi yake una nguvu kuliko unavyoonekana. Mwaka 1987 Michael Zasloff, mtafiti nchini Marekani, alishangaa kuona vyura aliowapasua wakipona vidonda bila usaha katika maji ya tanki yaliyokuwa machafu, akatafuta sababu, akatoa kwenye ngozi yao kemikali zinazoua vijidudu alizoziita magainini.

Njia ya pili ya kutokea ni bomba la maji machafu. Wanaobadilisha maji kwa kumimina kwenye sinki humwaga pia mayai na viluwiluwi, ambao hawaruki na hawana haja ya kuruka. Maabara zilizofanya kazi kwa uangalifu ziliweka wavu mwembamba kwenye kila tundu la maji. Nyingine hazikufanya hivyo, na bei ya uzembe huo haikulipwa na maabara.

Kipimo cha mimba kilipokwisha, chura alibaki. Wanasayansi walikuwa wameshamzoea, mayai yake ni makubwa, hutaga wakati wowote akidungwa homoni, na huishi tankini miaka 15 na zaidi. John Gurdon alimtumia huko Oxford kuonyesha kwamba kiini cha seli iliyokomaa kinaweza kutoa mnyama mzima, kazi iliyomfikisha kwenye Tuzo ya Nobel ya mwaka 2012. Chura huyo alichukuliwa hadi angani katika chombo cha Marekani Endeavour mwaka 1992. Na hapa jina la chura wa kusini mwa Tanzania linaingia katika vitabu vya jenetikia kwa kosa. Mwaka 1972 Donald Brown na wenzake walilinganisha jeni za ribosomu za laevis na za chura waliyemwita mulleri, na matokeo yakawa msingi wa wazo kwamba nakala nyingi za jeni moja hubadilika kwa pamoja. Baadaye ikajulikana kwamba vyura waliokuwa kwenye matanki yale hawakuwa muelleri hata kidogo. Walikuwa Xenopus borealis, chura wa nyanda za juu za Kenya aliyeelezwa na H. W. Parker mwaka 1936. Wazo lilisimama, jina lililoandikwa kwenye tanki ndilo lililokuwa bovu. Ni fundisho dogo kwa maabara zote: mtu anaweza kuwa na chura ndani ya kioo kwa miaka, amfunike vizuri asitoroke, na bado asijue amemfungia nani.

Waliotoka walifika mbali. Kusini mwa Wales, katika bonde la Glamorgan, laevis walikuwa wakizaliana porini tangu miaka ya 1960. California waliripotiwa mwishoni mwa muongo huo huo, na Chile wakaonekana miaka ya 1970 na kuenea katika mifereji ya kumwagilia mashamba ya kati ya nchi. Magharibi mwa Ufaransa, katika mkoa wa Deux-Sèvres, wametapakaa kutoka mahali palipokuwa na kituo cha kuzalishia vyura wa maabara. Ureno waligunduliwa mwaka 2006 kwenye vijito vya Oeiras, nje ya Lisbon, jirani na taasisi za utafiti, na serikali ikaanza kazi ya kuwang'oa mwaka 2010. Sicily nako wapo. Popote walipokaa walikula wadudu wa maji, viluwiluwi vya vyura wenyeji, na hata viluwiluwi vya kwao wenyewe, jambo linalowawezesha kudumu kwenye bwawa lisilo na chakula kingine: viluwiluwi hula mwani, wakubwa hula viluwiluwi.

Neno kutoroka linalotumika katika habari hizi linamwonea chura. Chura aliyekauka nyuma ya kabati ndiye aliyetoroka. Makundi yaliyojaza mabwawa ya California na Wales hayakuanzishwa na chura mmoja aliyesukuma kifuniko. Mara nyingi, kwa kadiri chanzo kinavyoweza kufuatiliwa, yalianzishwa na watu waliochoka kufuga, maabara zilizofungwa, na vipimo vipya vilivyowafanya vyura wa zamani kuwa mzigo. Kumwachia mnyama kwenye bwawa kulionekana kuwa huruma. Uingereza ilikufanya kuwa kosa kisheria kwa sheria ya wanyamapori ya mwaka 1981. California hairuhusu kabisa kumiliki chura huyo bila kibali. Umoja wa Ulaya ulimwongeza kwenye orodha yake ya viumbe vamizi mwaka 2022. Baridi na ukame pia vilifanya kazi ambayo sheria haikuweza: vizazi vya Wales, vilivyofuatiliwa kwa miongo na Richard Tinsley, vimekwisha.

Kuna kilichotoka pamoja na chura ambacho hakuna kifuniko kingekizuia. Mwaka 1999 wataalamu walieleza ukungu uitwao kitridi, unaoshambulia ngozi ya vyura. Chura hupumua na kunywa kwa ngozi, kwa hiyo ngozi ikinenepa na kuharibika, moyo husimama. Ukungu huu umehusishwa na kupungua kwa aina zaidi ya 500 za vyura na jamaa zao duniani. Laevis na ndugu zake huubeba bila kuugua sana. Mwaka 2004 watafiti wa Afrika Kusini walichunguza vyura wa makumbusho na kukuta ukungu kwenye laevis aliyehifadhiwa mwaka 1938, wakapendekeza kwamba biashara ya kipimo cha mimba ndiyo iliyousambaza. Mwaka 2013 ukachunguzwa mtungi mwingine, na chura wa borealis aliyekusanywa Kenya mwaka 1934 akakutwa nao pia. Hapo ndipo mitungi ya pombe ilipolipa. Hata hivyo, uchunguzi wa vinasaba wa mwaka 2018 uliweka asili ya ukungu Asia ya Mashariki, karibu na Rasi ya Korea. Chura wa kucha hakuanzisha janga. Kinachobaki juu yake ni kwamba alisafiri kwa wingi, akiwa mbebaji asiyeonyesha dalili, katika maji yaliyomwagwa ovyo.

Biashara ya vyura wa mapambo ilirithi matatizo hayo na kuongeza yake. Chura wa majini anayeuzwa kwa wingi leo Ulaya na Marekani ni kibete mmoja kutoka bonde la Kongo na jirani zake, Hymenochirus, asiyezidi sentimita nne. Wauzaji huwachanganya na wachanga wa laevis, na mnunuzi hugundua kosa pale chura wake anapokua na kuwala samaki wote. Dalili iko mikononi: kibete ana utando kati ya vidole vya mbele, laevis hana. Kibete hana nguvu ya kusogeza kifuniko lakini hupenya mahali padogo zaidi, na akitoka hufa upesi zaidi.

Tanzania nayo ilikuwa muuzaji kwa miaka mingi. Vyura wa matete wa jamii ya Hyperolius, walio wengi kwenye mabwawa ya kusini na pwani, na Leptopelis vermiculatus, chura wa miti wa kijani wa misitu ya Usambara, Uluguru na Udzungwa, walisafirishwa hai kwenda kwa wafugaji wa nje. Hawa si waogeleaji bali wapandaji. Vidole vyao vina vifundo vinavyonata, na kioo kilichosimama wima kwao ni ngazi. Tanki linalofunguliwa kwa juu huwafaa vibaya: mfugaji akiinua kifuniko, chura aliyekuwa amejibandika chini yake huinuka nacho, akaruka begani. Ndiyo maana matanki ya vyura wa miti yalitengenezwa na mlango mbele, unaofungwa kwa kitasa, na wavu wa chuma juu. Hata hapo, chura wa matete wa sentimita mbili hubanwa na mlango anapolala kwenye mfereji wa kioo cha kutelezesha. Ajali hiyo huua wengi kuliko kutoroka kwenyewe. Mwaka 2016 serikali ya Tanzania ilipiga marufuku usafirishaji wa wanyamapori hai nje ya nchi, vyura wakiwemo.

Kisa kikubwa cha chura wa Tanzania ndani ya tanki, hata hivyo, si cha biashara. Mto Kihansi, ukitoka katika milima ya Udzungwa, hushuka karibu mita 850 kwenye korongo kabla ya kufika bonde la Kilombero. Maporomoko yake yalirusha manyunyu mfululizo, na kwenye manyunyu hayo, katika eneo lisilozidi hekta mbili au karibu yake, aliishi chura wa rangi ya dhahabu asiyefika sentimita tatu. Alionekana na wataalamu mwaka 1996, bwawa la umeme la megawati 180 likiwa tayari linajengwa, na akapewa jina Nectophrynoides asperginis na John Poynton, Kim Howell, Barry Clarke na Jon Lovett. Chura huyu hatagi; huzaa watoto kamili, kila mmoja akiwa na urefu wa milimita tano hivi. Mtambo ulipoanza kazi, zaidi ya asilimia 90 ya maji ya korongo yalielekezwa kwenye mabomba, na manyunyu yakakatika.

Novemba 2000, vyura 499 walikamatwa na kusafirishwa hadi Bustani ya Wanyama ya Bronx, New York, na kutoka hapo wakagawanywa kwa bustani nyingine. Miaka ya kwanza ilikuwa ya vifo. Walikufa kwa minyoo ya mapafu, kwa maambukizi, kwa mwanga usiofaa na kwa chakula kisichotosha, hadi wakabaki chini ya 70, na bustani zilizofanikiwa kuendelea nao zikawa mbili tu, Bronx na Toledo katika jimbo la Ohio. Huku kwao, mabomba ya kunyunyizia maji yalifungwa korongoni mwaka 2001 na idadi ikapanda tena, hata Juni 2003 ikakadiriwa kufikia kama 20,000. Miezi michache baadaye walianguka ghafla. Ukungu wa kitridi ulikutwa kwenye maiti zao. Mwaka 2004 walionekana wachache wa kuhesabika kwa vidole, na mwaka 2009 wakatangazwa kuwa wametoweka porini.

Tangu hapo tanki lilibadilika maana. Kwa laevis, kioo kilikuwa cha kumzuia asitoke. Kwa chura wa Kihansi ni cha kuzuia kisiingie kitu. Kazi ya kumzuia nayo haikupungua, kwa kuwa mtoto wa milimita tano ni mdogo kuliko punje ya mchele, manyunyu hayakatiki mchana na usiku, na maji yote hayo lazima yatoke mahali. Tundu la kutolea maji hufunikwa kwa wavu ambao hata nzi wa matunda, chakula chake, hawezi kuupita, na wavu huo huziba kwa kuvu na majani ya moss mara kwa mara. Ukisahauliwa siku moja, chumba hujaa maji au vitoto huzama. Lakini hofu kubwa iko mlangoni. Anayeingia hubadilisha viatu, hukanyaga beseni la dawa, hutumia glavu mpya kwa kila tanki, na vifaa vya chumba kimoja havivuki kwenda kingine. Vyura wa aina nyingine hawakai chumba hicho, wala mtu aliyetoka kuwahudumia haingii kabla ya kujisafisha.

Agosti 2010 vyura 100 walirudishwa nchini kutoka Bronx na Toledo, wakawekwa kwenye kituo kilichojengwa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na kituo kingine kikaandaliwa Kihansi penyewe. Swali lililobaki lilikuwa la ukungu, kwa kuwa korongo halikuwa limesafishwa na haliwezi kusafishwa. Watafiti wakachukua udongo na mimea ya korongoni, wakaiweka pamoja na baadhi ya vyura kwenye matanki, wakatazama kama wangekufa. Hawakufa. Mwaka 2012 kikundi cha majaribio cha vyura 48 kikaachiwa kwenye manyunyu, ambayo sasa hutoka kwenye mabomba, na makundi makubwa zaidi yakafuata mwaka huo na miaka iliyofuata. Hao ni vyura waliotoka tankini kwa mlango, mchana, mbele ya watu wenye daftari. Shirika la kimataifa la uhifadhi bado linamhesabu kuwa ametoweka porini, kwa hiyo matanki ya New York, Ohio, Dar es Salaam na Kihansi yangali yakiendeshwa, na mabeseni ya dawa yangali mlangoni.